Jiwe la Wapanda Mlima

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mawe pale Bondeni sikupewa hata nyundo. Nilipewa ndoo na kitambaa, nikaambiwa nioshe mawe ya makaburi. Nilikuwa kijana mwenye kiburi, nikanuna. Fundi Mkuu, mzee wa Kisingasinga tuliyemwita Sardarji, akanitazama juu ya miwani. "Osha huku unasoma," akasema. "Karatasi inasahau. Jiwe hapana."

Kazi yetu ilikuwa kuchonga maandishi. Nyinyi vijana mnabonyeza kompyuta, mashine inakata, mnaenda kunywa chai. Sisi tulichora kwa penseli, kisha tukakata kwa tindo na nyundo, pande mbili zikikutana chini, ili kivuli kikae ndani ya herufi na jina lisomeke hata rangi ikiisha. Na kabla tindo haijagusa jiwe, kulikuwa na jambo tuliloliita kusomesha. Mtu wa familia anakuja, anaweka kidole juu ya penseli, anasoma jina kwa sauti. Asiyejua kusoma anasomewa, anaitikia. Sardarji alimfukuza fundi hodari kabisa kwa kuruka hatua hiyo.

Kutoka kwake niliandikwa idara ya ujenzi ya mji, chini ya Msimamizi wa Kazi, mtu wa kufoka asubuhi na kuomba msamaha jioni. Huko nilichonga mawe ya msingi ya shule na zahanati, mengi yakiwa na majina ya wakubwa waliokuja dakika tano, wakakata utepe, wakaenda. Hao kusomesha hawakosi! Mmoja alituma watu watatu kuhakikisha cheo chake.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo ilipokuja kazi ya mji mmoja wa mlimani, mbele ya Molo, kwenye baridi ya kung'ata mifupa. Walitaka mnara wa kuwakumbuka watu wa kwanza kupanda majabali ya mlima wao kwa kamba. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, akaniletea orodha iliyonakiliwa kutoka daftari la safari ile. Wazungu wawili, majina kamili. Chini yao wapagazi watano: Sufuria, Kofia, Jumatatu, Ngazi, Blanketi.

Nikawaka. "Mwalimu, hawa ni watu ama ni vyombo vya nyumba?"

"Daftari ndilo linasema hivyo, mzee. Na uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Basi daftari lijichonge. Mimi sichongi dharau."

Yule mwalimu, Mungu ambariki, alivaa gambuti akazunguka vijijini siku nne kutafuta majina halisi. Familia nne zikaja, zikasomesha. Ya tano ilikuwa imehamia mbali, lakini jirani mmoja mzee alilikumbuka jina: Kimutai arap Lelei. Siku zilikuwa zimebana, na mimi nilikuwa nimelewa haki yangu. Nikachonga bila kusomesha. Miaka yote ile kazini, halafu nikafanya ujinga wa aina hiyo!

Alhamisi, siku mbili kabla ya uzinduzi, habari zikiwa zimewafikia huko walikohamia, binti wa yule mpagazi wa tano akafika, mama mzee na fimbo yake. Akapitisha kidole kwenye majina mpaka mwisho, akarudi juu, akaanza tena.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Kimutai arap Lelei."

"Hilo ni jina la ujana. Aliliacha mlimani." Akatoa kitambulisho chake. Kilisema Rael Blanketi. "Mwenzao alishikwa na homa kule juu. Baba akamfunika na blanketi lake, yeye akabaki na shati. Wapagazi wenzake ndio walimpa jina. Mzungu aliandika tu alichosikia. Watoto na wajukuu wake wote tunaitwa hivyo, mpaka shamba letu limeandikwa hivyo. Wewe fundi ni nani, umvue baba yangu jina lake?"

Niliona aibu, wallahi. Nilikuwa nimempigania mtu bila kuwauliza watu wake.

Mwalimu akaninong'oneza, "Tuliache tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," mama akasema. Masikio yake yalikuwa mazima.

Sasa, jiwe halina kifutio. Ukitaka kuondoa mstari mmoja, lazima ushushe uso wote wa jiwe kwa kusugua, majina yote saba, uanze upya. Nikasema, "Nimekosa, mama. Nitalirudia." Wanaume wa zile familia nne wakaja kusugua kwa zamu, maji yakitugandisha vidole. Ijumaa mchana nikachora, mama akaweka kidole, akasoma polepole. Ndipo nikashika tindo. Kufikia Jumamosi asubuhi nilikuwa nimemaliza, ila rangi sikuwahi kupaka.

Leo nimestaafu, nakaa mtaa wa Section 58 na mwanangu. Vijana wa mashine huja kuniuliza kazi ipi naionea fahari, wakidhani nitataja ya wakubwa. Nawaambia ni ile niliyokosea, kwa sababu walinipa nafasi ya kuirudia, na si kila mwenye kukosa hupewa. Nanyi mtakosea. Mkikosea, shusheni uso wote.

Siku ya uzinduzi niliketi nyuma kabisa, mikono imevimba. Mwenyekiti akaomba jamaa wa kila mpagazi wasimame jina likitajwa. Kwa wanne wa kwanza walisimama watu watatu hapa, sita pale. Kisha akaita, "Blanketi!"

Nusu ya uwanja ikasimama.