Kiapo cha Hamdan Juu ya Sinia

Zamani mtu wa nyanda za Karak alitembea saa tatu kwenda kula nyama mara moja kwa msimu, na siku hizi anapanda gari hatua mia mbili kwenda kula nyama mara nne kwa wiki, kisha anarudi akilalamika magoti.

Mufadhi alikuwa mtu wa zamani hizo, akawa mtu wa siku hizi kama wenzake. Alizaliwa kijiji cha Sarha, juu ya bonde, katika nyumba ya mawe yenye chumba kimoja. Alichunga mbuzi akila mkate wa shayiri, dengu, tini kavu, na khubeza, ile mboga inayojiotea baada ya mvua. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Akafungua duka la vipuri vya trekta, akaoa, akafiwa na mke, na kwa kuwa alijua kuyapanga maneno, ukoo ukamfanya msemaji wake. Hapo ndipo mwili ulipoanza kuharibika.

Kazi ya msemaji haina saa. Mtu anataka kuposa, anaitwa Mufadhi. Gari limemgonga mtoto wa ukoo mwingine, anaitwa Mufadhi akawapatanishe. Amekufa mtu, amerudi mtu Makka, amefaulu kijana mtihani, simu inalia dukani, Mufadhi anavaa joho na kufunga duka. Na shughuli zote hizo zina mwisho mmoja: sinia la mansaf. Kondoo mzima juu ya wali, wali juu ya mkate, na juu ya vyote mchuzi wa maziwa makavu uliochanganywa na samli. Wazee wa zamani walilila sinia hilo kwa woga, maana waliujua uhai wa mnyama waliyemchinja. Hawa wa leo wanalila huku wanatazama simu.

Akiwa na miaka sitini na mbili kiatu kilimchubua kidole cha mguu wa kushoto, na mchubuko ukakataa kupona kwa miezi miwili. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani.

"Sukari yako iko juu sana, ami. Kidole hiki nakipa miezi minne. Usipobadilika tutakikata, kisha tutafuata mguu."

"Binti yangu, wewe umesoma mbali. Hujui mambo ya watu wa huku."

"Mimi ni wa huku. Baba yangu naye alikuwa haachi sinia. Tulimzika na mguu mmoja."

Mufadhi aliokota kiatu chake. Alirudi nyumbani akakaa na soksi mkononi mpaka adhuhuri.

Aliyemrudisha kwenye chakula cha zamani ni dada yake, Wadha. Hakuhubiri. Alikuja na sufuria ya dengu na mfuko wa ngano mbichi iliyochomwa na kupondwa, akaviweka jikoni, akasema, "Kula kama alivyotulisha mama. Mama alikufa na miaka tisini na moja, anapanda ngazi." Kila siku ya pili alikuja na sufuria. Khubeza aliichuma mwenyewe kando ya mashamba, akiwa mwanamke wa karibu miaka sitini, mke wa mtu mwenye malori saba. Kidonda kilipofunga, daktari akamwambia Mufadhi sasa atembee.

Kutembea kulikuwa na tabu yake. Siku ya kwanza alishika barabara ya mjini baada ya alfajiri, na kabla hajafika kwenye kona gari likasimama, kijana akamwita kwa jina lake la heshima.

"Abu Ghazi! Gari lako limekataa kuwaka? Panda!"

"Natembea, mwanangu. Kwa afya."

"Hutembei na mimi nipo. Talaka juu yangu, utapanda!"

Basi akapanda. Kiapo hicho watu wa huko wanakijua: mtu akiapa kwa talaka kwamba utafanya jambo, na wewe usilifanye, mke wake ameachika. Mufadhi alishushwa mjini, akaanza kurudi kwa miguu, likasimama gari la pili, na la tatu. Siku tano mfululizo alibebwa kama gunia na vijana wenye adabu. Ya sita aliiacha barabara, akafuata njia ya mbuzi inayoshuka bondeni, ambako hakuna gari wala mwungwana wa kumwapia.

Jioni alimwambia Wadha, "Katika ujana wangu kiapo hiki nilikisikia mara moja tu. Mzee Falah aliapa kwamba mgeni hataondoka na mvua, na kijiji kizima kikasimama, mgeni akarudi ndani anatetemeka. Leo wanaapa kwa ajili ya nauli!"

"Wanaapa kwa ajili ya kikombe cha chai," alisema Wadha, akiosha sufuria. "Niulize mimi."

Mume wake, baba wa mwanawe Talal, ni Hamdan, ambaye aliwahi kuchunga mbuzi pamoja na Mufadhi. Mkono wake ulikuwa wazi na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Ulimi wake haukuwa na breki. Mara mbili katika hasira alikuwa amemwacha Wadha kwa neno, mara mbili kadhi akaandika, na mara mbili akaja analia kumrejea. Ya tatu ingekuwa ya mwisho, na hilo walilijua watu wote wa Sarha.

Kufikia mwisho wa majira ya baridi Mufadhi alikuwa amepunguza matundu matatu ya mkanda. Alishuka bondeni na kupanda bila kusimama. Kwenye shughuli alikaa pembeni na kikombe cha kahawa, akasema maneno ya ukoo, akaondoka sinia lilipoingia. Watu wakaanza kumwita Mzee wa Majani. Alicheka nao, lakini hakulipenda. Alikuwa mtu aliyezoea kunyamaziwa anapozungumza, sasa anakohoa tu na vijana wanauliza kama ni nyasi imemkwama.

Hamdan akamaliza kujenga nyumba mpya, akawaalika wanaume arubaini Ijumaa baada ya sala. Alhamisi Wadha alikuja na dengu kama kawaida. Hakuketi.

"Kaka, kesho uje umeshiba. Lakini akikuwekea kitu mbele yako, kula. Tonge tatu. Basi."

"Daktari alisema—"

"Daktari hakuolewa na Hamdan." Alikaza ushungi wake. "Namjua. Nyumba mpya, watu arubaini, atataka kuonekana. Mbili zimeshakwenda, Mufadhi. Imebaki moja. Tonge tatu hazitakuua, na jioni utatembea mara mbili."

"Nimesikia," alisema Mufadhi.

Kusikia alisikia. Kusema ndiyo, hakusema.

Ijumaa yaliingia masinia sita. Wanaume walisimama kuyazunguka, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia kwenye wali. Mufadhi alibaki karibu na mlango na kahawa yake. Hamdan alimwona.

"Abu Ghazi! Mbona umesimama kama mkusanya kodi? Jamani, mnamjua huyu? Mke wangu anamchumia majani kila siku. Mbuzi wangu wamekuja kunishtaki!"

Watu waliangua kicheko. Mmoja alitoa sauti ya mbuzi. Hamdan akanyofoa ulimi kutoka kwenye kichwa cha kondoo kilichowekwa katikati ya sinia, akaushika juu unadondosha samli.

"Ulimi kwa msemaji wetu! Njoo, shemeji."

"Mola akubariki na nyumba yako, Abu Talal. Nimeshiba."

"Huwezi kushiba kabla hujala kwangu."

"Unajua hali yangu."

"Hali yako ni uzee, na sisi sote tunayo! Njoo." Mkono wa Hamdan ulikuwa bado hewani na watu walikuwa wanautazama, na mkono uliotazamwa hivyo hauwezi kurudi mtupu. "Talaka juu yangu, Wadha si mke wangu, usipokula nyumbani kwangu leo!"

Sasa, kama ingekuwa siku za mzee Falah, chumba chote kingenyamaza. Hakikunyamaza. Walikuwa wanatafuna. Mtu mmoja mwenye shavu limejaa alisema, "Kula, Mzee wa Majani, bibi wa watu asije akaachwa!" na kicheko kikaanza upya.

Mufadhi alitazama ule ulimi. Alifikiri kuhusu kidole chake, ni kweli. Lakini zaidi alifikiri kuhusu ile sauti ya mbuzi. Aliona kwamba akisogea sasa, atasogea huku anachekwa, na kuanzia kesho kila mwenye sinia atamwapia kwa mke wake. Aliona pia kwamba kiapo hiki si kiapo tena, ni kelele, na kwamba lazima mtu mmoja awafundishe watu hawa uzito wa neno. Akajichagua yeye kuwa mwalimu.

"Hamdan," alisema, kwa ile sauti yake ya kupatanisha, "kiapo hicho hicho Jumatatu ulikiapa kwa ajili ya glasi ya chai. Sili."

Akaweka kikombe chini, akavaa viatu, akatoka.

Hapo ndipo chumba kiliponyamaza.

Jikoni wanawake walikuwa wamesikia yote. Wadha alizima gesi. Akaufunika mchuzi usije ukakatika. Akavaa koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa kaka yake, akamkuta anavua joho.

"Tonge tatu," alisema.

"Kiapo kile si kitu, dada. Tutakwenda kwa mufti. Hamdan ataulizwa nia yake, ataapa kwamba hakukusudia talaka, na—"

"Nia ya Hamdan naijua. Hamdan hajawahi kuwa na nia maisha yake yote. Nauliza yako."

"Mguu wangu, Wadha. Umenihudumia wewe mwenyewe."

"Mguu wako haukuwa kwenye sinia. Uliogopa kuchekwa." Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile wanachokalia wageni wasiotaka kukaa sana. "Yeye aliniweka rehani, wewe ukaniacha huko. Mkagawana."

Mufadhi, aliyekuwa amepatanisha damu za koo tatu, alilikunja joho lake, akalikunjua.

Walisubiri siku tisa kupata nafasi kwa mufti. Siku zote tisa Wadha alikaa kwa kaka yake. Alimpikia dengu, akamchumia khubeza, akaweka sahani moja mezani, akaenda kula peke yake jikoni. Katikati ya siku hizo alikwenda hospitali kupimwa, na yule binti mwenye miwani akasoma karatasi akatabasamu.

"Ami, hii sukari ni ya kijana! Umefanyaje?"

"Nimetembea," alisema Mufadhi.

Mufti alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Hamdan alikaa mbele yake kofia mapajani, amenyolewa, macho mekundu.

"Ulipotamka, ulikusudia kumwacha mkeo, au ulikusudia kumlisha mgeni?"

"Kumlisha tu, sheikh. Wallahi kumlisha tu. Nimwache Wadha niende wapi?"

"Basi talaka haikuanguka. Una kafara ya kiapo. Lisha maskini kumi."

Hamdan aliruka kutoka kwenye kiti. "Nitalisha ishirini! Talaka juu—" akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mufti akapenga kamasi. Mufadhi akatazama sakafu.

"Sheikh," alisema Wadha, "na mimi nina swali."

"Uliza, mama."

"Mwanamke aliyechoka kuwekwa rehani ya tonge la mtu, kafara yake ni nini?"

Mufti alizigeuza karatasi zake, akasema kwamba hilo si suala la kiapo, kwamba mahakama iko jengo la pili, na kwamba subira ina malipo makubwa. Wadha alimshukuru kwa heshima, akainuka.

Mahakamani hakwenda. Alikwenda Aqaba kwa mwanawe Talal, anayefanya kazi bandarini, na huko yuko mpaka leo. Akipigiwa simu na kaka yake anasema hajambo, anaulizia mguu, anampa mjukuu aongee. Kuja Karak, haji, hata kwa mazishi. Hamdan naye aliuza malori mwaka ule ule, akahamia Amman, na ile nyumba mpya ina wapangaji. Mufadhi bado anashuka bondeni kila alfajiri. Dengu anajipikia mwenyewe, na anazichemsha kupita kiasi.

Mara ya mwisho watu kuwaona watatu hao pamoja ni siku ile ile, kwenye ngazi za ofisi ya mufti, saa nne asubuhi, na soko limeshaanza kuchangamka. Hamdan alikuwa amesimama ngazi ya chini, ufunguo wa gari mkononi.

"Twende nyumbani, Umm Talal," alisema. "Mchuzi nilioukuta jikoni sijaumwaga. Sikujua niuweke wapi."

"Mwaga," alisema Wadha, wala hakusema kwa hasira.

Kisha akamgeukia kaka yake, akamweka sawa ukosi wa joho, kama alivyokuwa akifanya kabla hajakwenda kuwasemea watu.

"Utembee, kaka. Usiache. Tusije tukaupoteza na mguu."

Akashuka ngazi, akampita mume wake, akapanda mtaa ule wenye mteremko mkali kuelekea kituo cha mabasi, upesi, mfuko mmoja mkononi, bila kushika ukuta. Hamdan alisubiri ageuke. Alipoona hageuki, alifungua mlango wa gari, akakaa bila kuliwasha. Mufadhi alibaki juu ya ngazi, na kati ya wawili hao hakujua amfuate yupi.