Zamu ya Asubuhi Tu

Mkuu wa wodi ya watoto walimwita Mama Zamu, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga nani aingie asubuhi na nani akeshe, na akishapanga, amepanga. Wauguzi walitania kwamba hata jua humwomba ruhusa kabla ya kuchomoza. Mwenyewe aliusikia utani huo, na ulimpendeza.

Miongoni mwa wauguzi wake alikuwapo mmoja ambaye watoto walimbandika jina la Shangazi Taratibu. Alikuwa na mkono mwepesi. Mtoto aliyekwisha kuchomwa huku na huku bila mshipa kuonekana, yeye humsimulia habari za paka mwizi, na kabla paka hajafika jikoni, dripu inatiririka.

Kisha mumewe akapatwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukalala. Wifi yake alijitolea kumtazama mgonjwa asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwake mchana. Basi Shangazi akaomba apangiwe zamu ya asubuhi tu. Mama Zamu alimhurumia, lakini akatia ngumu. Alisema zamu ni za wote, na akimlegezea mmoja, wodi nzima itamletea shida za nyumbani.

Shangazi akajikaza kisabuni. Alikuja kazini macho mekundu, akawa anasinzia kasimama. Siku moja aliandaa dozi ya mtoto, akasita, kisha akaimwaga yote: hakukumbuka kama alikuwa ameipima. Hakuna aliyedhurika. Lakini alijiogopa, na kesho yake akaacha kazi.

Mzigo wake ukawaangukia wenzake. Likizo zikafutwa, zamu zikaunganishwa, wauguzi wawili vijana wakaondoka kimya kimya. Mama Zamu mwenyewe akarudi kushika sindano. Asubuhi moja alimchoma mtoto mchanga tena na tena bila kupata mshipa, hadi mama wa mtoto akauliza kwa upole yule dada wa hadithi za paka yuko wapi. Mama Zamu akajibu kwamba yuko likizo. Uongo huo haukumtoka akilini.

Alimwendea mganga mkuu, akamwambia wazi kwamba muuguzi yule hakuacha kazi, bali yeye ndiye aliyemsukuma. Akaomba ziwepo zamu fupi, wauguzi waruhusiwe kubadilishana wenyewe, na wastaafu wenye nguvu waitwe kwa saa chache. Mganga mkuu akakubali wajaribu, ila akauliza kwa nini hakuyasema hayo mapema.

Jioni akaenda nyumbani kwa Shangazi. Alimkuta akihangaika kumgeuza mumewe kitandani. Bila kuambiwa, akavua viatu, akashika upande wa pili wa shuka, wakamgeuza, wakamwosha mgongo. Walipomaliza ndipo aliposema.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikuona unazama, nikaendelea kupanga zamu."

Shangazi alikamua kitambaa polepole.

"Mimi sikuja kwako kutafuta huruma, dada. Huruma ulinipa. Nilichoomba ni asubuhi."

Mama Zamu akamwambia asubuhi hizo sasa zipo. Shangazi alimtazama mumewe, naye akaitikia kwa kichwa.

Alirudi. Muuguzi mwenye mtoto wa kunyonya akapata zamu fupi, na mstaafu mmoja, bibi mcheshi wa magoti mabovu, akashika mwisho wa wiki. Wodi ikapumua. Wale vijana wawili hawakurudi. Walikwisha kupata kazi kwingine.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi, mganga mkuu alimsifu Mama Zamu mbele ya wote kwa busara yake. Watu wakapiga makofi. Yeye aliinamisha uso, akatamani yaishe. Kwa pembe ya jicho alimwona Shangazi Taratibu katika safu ya nyuma, naye anapiga makofi kwa moyo mmoja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.