Kicheko cha Baba Faith

Aibu hii nimeibeba hadi imenizoea, na nikikubali kuisimulia leo ni kwa sababu Kitengela nzima inaijua tayari, na afadhali muipate kwangu kuliko kwa fundi wa viatu pale stage ya matatu, ambaye ameongeza kwamba nilizimia. Sikuzimia. Ningepata wapi bahati hiyo.

Kazi yangu ni vichekesho vya televisheni: naviongoza, navitafutia wadhamini, na siku mbaya nabeba nyaya mwenyewe. Kipindi chetu tulikuwa tukikirekodia kwa jirani yangu Wafula, Baba Faith, kwa kuwa ua wake ulikuwa mpana na hakutaka kodi, alitaka tu kiti cha mbele. Na alijua kucheka yule mtu. Kicheko chake kilianza kama pikipiki inayokataa kuwaka, kikawaka, kikaishia kwa kikohozi. Nikakirekodi, nikakiweka kwa kimashine changu cha sauti chenye vibonyezo, na kila mahali watazamaji waliponyamaza (walikuwa wanajua kunyamaza) nilibonyeza, Baba Faith akacheka, basi wengine wote wakafuata.

Halafu presha ikamchukua, ghafla.

Kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kwao Bungoma, ibada ikapangwa pale pale uani. Kwenye kamati ya mazishi mimi ndiye niliyeachiwa kupatana bei na mwenye spika kutoka Isinya. Akataja yake, nikaipunguza, akashuka, nikaipunguza tena, mwishowe akakata simu, nami nikawaambia wanakamati, kwa ile sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba tusisumbuane na watu, nitaleta vyombo vyangu. Uamuzi wenyewe ndio huo. Walinishukuru hata.

Siku ya ibada upepo ulikuwa na vumbi, nikakiweka kile kimashine kwenye meza ndogo, nikakifunika kwa leso, kwa maana maiki zote zilipitia hapo. Nyaya nilizikagua mara mbili. Vibonyezo sikuvikagua, kwani ni nani atabonyeza mazishini? Kwaya ikaimba, ikamaliza, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akatafuta mahali pa kuweka kitabu chake cha nyimbo, akaona ile meza ndogo yenye leso safi.

Wakati huo mchungaji alikuwa ametuomba tusimame kimya kumkumbuka marehemu. Tukasimama. Baba Faith akacheka.

Spika nne. Pikipiki ikakataa, ikawaka, ikafika kwenye kikohozi, na hakuna mtu pale uani ambaye hakumjua. Mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka nyumbani na macho yake hayaoni vizuri, akainuka kwenye kiti akinyoosha mkono.

"Wafula?" akasema. "Wafula, uko wapi?"

Nikaruka kuzima, na kwa haraka yangu nikabonyeza cha pembeni, ambacho ni cha makofi. Watu mia wakampigia makofi yule mama.

Amu wa marehemu alinifikia kabla sijaupata waya. Alinishika kola, akatazama ile kamera yangu (niliombwa nirekodi kwa ajili ya ndugu walioko Saudia, lakini ungemweleza nani saa hiyo) akaniuliza polepole, "Dairekta, hata hapa? Hata hapa unatafuta kipindi?"

Nilimtafuta Mama Faith kwa macho anitetee, maana yeye alinijua. Hakulia wala hakufoka. Alisema tu, "Shemeji, toa vitu vyako uende," nami nikavitoa, spika moja baada ya nyingine, nikipita katikati ya viti, huku mchungaji akimalizia mahubiri kwa koo lake. Hakuna aliyenisaidia kubeba. Njiani niliwaza kitu kimoja tu: nimempoteza Wafula, sasa nimepoteza na nyumba yake.

Asubuhi yake, kabla ya safari ya Bungoma, Mama Faith akanipigia simu. Alisema mama mkwe wake hajalala, anataka kile kitu, na nije peke yangu.

Nilimkuta yule mama ameketi kwenye godoro chini. Nikakiwasha, kwa sauti ndogo. Alisikiliza mpaka kikohozi.

"Alikuwa anacheka nini?"

Jamani. Nimeongoza vichekesho miaka mingi, sijawahi kutakiwa nikisimulie kimoja mbele ya mama aliyefiwa. Nikamweleza: kuna tajiri wa kuuza ploti, mpaka wa shamba lake ni mbuzi aliyefungwa kambani, na kila mbuzi akisogea kutafuta majani, ploti inaongezeka na bei inapanda. Mama Faith alikuwa anatazama sakafu.

"Na huyo mbuzi alikuwa wa nani?" mama akauliza.

"Wa kukodi, mama."

Akafikiria. "Haichekeshi," akasema. "Ni vile tu Wafula alikuwa anapenda watu."

Kisha akamwambia mkwewe anipe chai. Mama Faith akanimiminia, akakijaza kikombe.

Kicheko nilimwachia mama kwenye simu ya mjukuu wake Faith, kwangu nikakifuta, na tangu hapo nimeapa kipindi changu hakitachekewa na mtu ambaye hayupo kitini. Watu wanasema kimepoa siku hizi. Hakijapoa. Ndivyo kilivyokuwa siku zote.