Skrubu za Skii za Ottilie

Wendelin Tschofen si mtu wa kupendeza. Naanza na hilo, maana nimefanya naye kazi miaka kumi na minne katika chumba cha chini cha duka la kukodisha skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, na sitaki mtu adhani namsifu bure. Anapenga kamasi kwenye kitambaa kile kile anachofutia nta ya skii. Saa nne asubuhi anatafuna kitunguu kibichi. Kazi yangu mimi ni viatu. Vikirudi jioni vimelowa jasho la watu nisiowajua, naviosha kwa dawa, na harufu yake hunifuata mpaka mezani kwangu.

Kazi yake ni kurekebisha vishikio, vile vinavyobana kiatu kwenye skii. Kila kishikio kina skrubu mbili, mbele na nyuma, na kila moja ina namba yake ya kukazia. Ukianguka, kishikio kilichokazwa sawasawa kinaachia, skii inatoka, mguu unabaki mzima. Kikikazwa kupita kiasi hakiachii, na kinachovunjika ni mfupa. Namba inafuata uzito, umri, kiatu na ujuzi wa mtu. Na watu wanadanganya! Wanawake wanapunguza kilo, wanaume wanaongeza ujuzi. Ndiyo maana Wendelin ameweka pale mlangoni mizani ya zamani ya kupimia jibini, aliyoitoa kwenye zizi la baba yake.

"Kilo ngapi?"

"Themanini," mgeni atajibu, tumbo limemtangulia.

"Themanini wewe, na tumbo je? Panda, bwana. Jibini halikuona haya, wewe unaona haya ya nini?"

Mwenye duka amemwambia aiondoe mizani hiyo. Mpaka leo ipo.

Ijumaa moja ya Januari, kesho yake yakiwa mashindano ya watoto, aliingia Gebhard Vonbun, mwenyekiti wa klabu ya skii, amebeba skii za bintiye Ottilie. Otti ana miaka tisa, yuko darasa moja na binti yangu Theres, na hafiki kilo ishirini na nane. Gebhard alitaka namba sita.

"Mbili na nusu," Wendelin alisema bila kuinua kichwa.

"Mazoezini skii imemtoka mara mbili. Mara mbili! Tukose kombe kwa ajili ya skrubu?"

"Imemtoka kwa sababu ameanguka."

"Fundi wa nta ananifundisha mimi?"

"Sita ni namba yako wewe, fahali. Mtoto ana mguu kama mpini wa ufagio."

Akazikaza mbili na nusu, akazilaza juu ya meza, akapanda ghalani kutafuta nta. Gebhard hakuondoka. Alichukua bisibisi ya Wendelin palepale mezani akazungusha skrubu zote nne, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayefungua chupa ya divai. Kisha akaniona. Akanikonyeza.

"Hujaona kitu, Agathe. Eh?"

Theres alikuwa ameingizwa kwenye timu wiki hiyo hiyo, na anayeingiza ni Gebhard. Niliinama nikaendelea kusugua viatu. Ninachefukwa nikikumbuka, na si Gebhard peke yake anayenichefua.

Asubuhi nilimkuta Wendelin kwenye foleni ya lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, nikamwambia yote. Alinitazama kama kitu kilichooza.

"Toka jana unajua? Toka jana, Agathe?"

"Toka jana."

Tulipanda kiti kimoja mpaka juu.

Mteremko wa watoto ni mfupi, ukisimama juu unauona wote. Gebhard alikuwa chini kwenye mstari wa mwisho, na saa yake mkononi. Otti alikuwa wa tisa kuteremka. Mtoto wa sita alikuwa ameshaondoka.

"Otti, vua skii."

"Baba amesema zisiguswe."

Quirin, kocha wao, akaingia kati. "Mzee Wendelin, achana nazo. Gebhard atakunyonga, ila ataanza na mimi."

"Hii shingo yangu ngumu, itamchosha. Otti, ukianguka je?"

"Baba amesema nisianguke."

Alilisema kama sala ya kabla ya chakula.

Wendelin alipiga magoti kwenye theluji, kamasi ikimdondokea kwenye skii, akairudisha kila skrubu kwenye mbili na nusu. Mtoto wa nane alikuwa keshafika chini.

Otti alikwenda vizuri, tena kwa kasi kuliko wote. Karibu na vijiti vya mwisho vya kuzungukwa, ukingo wa skii ulinasa kwenye theluji. Alipinduka mara mbili, skii ya kulia ikaruka upande, naye akakwama kwenye wavu wa pembeni. Wendelin aliteremka moja kwa moja. Mimi nilifuata kwa woga, kama kawaida yangu.

Tulimkuta Gebhard ameshafika pale wavuni. Alikuwa ameiokota skii, akitazama namba. Mtoto wake analia nyuma yake.

"Alikuwa anaongoza! Kwa sekunde nzima! Nani amegusa skrubu zangu?"

"Kweli, alikuwa anaongoza," mama mmoja akasema, kikombe cha chai mkononi. Wengine wakatikisa vichwa kwa huzuni, kama vile kuna aliyekufa.

"Mimi," Wendelin alisema. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mtoto. "Wapi panauma?"

"Hapaumi popote."

Gebhard akatema mate. Yalianguka karibu na glavu ya binti yake, manjano juu ya theluji nyeupe.

"Kazi za klabu huna tena. Umesikia?"

"Nimesikia. Otti, simama kwa mguu wa kulia."

Nikasema kwa sauti, maana nilijua nisiposema sasa sitasema tena: "Gebhard alikuwa amezikaza namba sita. Kwa mkono wake. Nilimwona."

Akina mama walitazama vikombe vyao. Gebhard alinikodolea macho, na nikajua Theres hana timu tena.

"Sasa ruka kwa wa kushoto," Wendelin alisema. Mtoto akaruka, mguu ukamhimili, machozi na kamasi vikimtiririka. "Haya, ruka tena. Juu zaidi."