Alasiri Tuliyobadilisha Chaneli

Nikisikia wazee wenzangu hapa Kianjai wakimsifu yule mpigaji wa kriketi, damu inanichemka. "Alikuwa anagusa mpira vile mtu hufunga mlango wa kanisa ibada ikiendelea," wanasema, miraa shavuni. "Siku hizi hakuna kama yeye."

Waongo wakubwa! Nilikuwepo. Alasiri ile ya miaka mingi iliyopita tulikuwa bandani tukifunga miraa kwa majani ya migomba, na timu yetu ya taifa ya kriketi ilikuwa ikicheza kwenye televisheni. Mpigaji huyo alicheza polepole, kwa madaha, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Hawa hawa ndio waliomzomea. "Piga bwana! Unangoja mvua?" Kisha wakaanza kudai kandanda ya Ulaya, na chaneli ikabadilishwa naye bado yuko uwanjani. Jioni redio ikatangaza kwamba alikuwa amefikisha mikimbio mia moja, alama ambazo wachache huzifikia, na kutupatia ushindi.

Leo wanausimulia mchezo huo mpaka pigo la mwisho, kana kwamba waliuona. Mimi nainamia fungu langu la miraa. Siku ile rimoti ilikuwa mkononi mwangu.