Mayai Matatu ya Nyongeza

Mambo ya viinitete, vifaranga wanaoumbika ndani ya yai, nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha mifugo kisicho na jalada. Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye maabara ndogo pale Kilosa, niliishi kwa hofu ya kugundulika kwamba sijui kitu. Daktari wa mifugo aliyenichukua, mama mcheshi, alikuwa akichunguza kinga ya kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Alitoboa tundu kwenye yai ambalo ndani yake kifaranga ameanza kuumbika, akaingiza virusi kwa sindano, akaziba kwa nta. Mimi nilitafuta mayai, kisha kila asubuhi nikayamulika kwa tochi kuona kama mishipa bado ni myekundu.

Safari ile alitaka mayai thelathini ya banda moja, kuku wasiowahi kuchanjwa. Nikayapata kwa mama mmoja wa Lumuma, nikayaandika namba kwa penseli. Wakati naaga akaniongezea matatu.

"Nyongeza yako, mwanangu."

"Mama, mbona nimebeba thelathini!"

"Hayo ya kazi. Haya ya kwako."

Njiani matatu ya kazi yakavunjika. Ningeweza kusema tu. Badala yake niliyapa yale ya nyongeza namba za yaliyovunjika, ili trei ionekane kamili. Nakiri, niliona hata fahari.

Siku chache baada ya sindano, viinitete vyote vilikuwa vimekufa isipokuwa vitatu. Namba nilizijua kabla sijazisoma.

Daktari aliyageuza mayai yale mbele ya tochi, akashusha pumzi. "Mkono wangu umezeeka. Sindano haikufika. Tuyatupe."

Ningenyamaza, lawama ingebaki kwenye mkono wake.

"Shikamoo, daktari," nikasema.

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi? Una nini?"

Nikamwambia yote, macho sakafuni. Akacheka. "Kumbe na wewe unavunja mayai! Nilidhani unalala nayo."

Kesho yake tulipanda naye Lumuma kuuliza habari za yale matatu.

"Ya nyongeza?" yule mama akasema. "Hayo ya dada yangu. Yangu si uliyamaliza yote?"

"Na kuku wa dada yako wamechanjwa?" daktari akauliza.

"Aliwatia matone machoni. Kuna duka la mtu binafsi limefunguliwa sokoni Kilosa, siku hizi hata chanjo unanunua kama sukari."

Tukiwa njiani kurudi, daktari alinieleza kwamba kuku aliyechanjwa huweka kinga yake kwenye kiini cha yai, na kifaranga huitumia kabla hajaweza kujitengenezea yake. Yale matatu hayakuharibika, yalilindwa na mama zao. Aliongea huku akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, akitabasamu.

Tulipofika maabara akanisogezea daftari la majaribio. "Andika wewe. Na yaliyovunjika uyaandike."

Niliandika kwa wino, nikakosea mara mbili, nikakata kwa mstari. Ukurasa ulikuwa mbaya kuutazama. Sikuuchana.