Nyota Kando ya Mikarafuu

Kwetu Wete taa zimekuwa nyingi, kwa hiyo usiku mmoja nilikwenda kutazama nyota nje ya mji, kwenye uwanja ulio kando ya shamba la mikarafuu. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Mlinzi wa shamba akanikuta nimelala chali gizani.

“Karafuu umezificha wapi?”

“Natazama nyota, mzee.”

“Kwenu hakuna nyota?”

Akanishika mikono, akainusa. Ilinukia karafuu, kwani mchana kutwa nilikuwa nikimsaidia mama kuchambua zake. Nikamweleza kwa kigugumizi. Akasema twende kwa mama; akikana, ananipeleka kwa sheha wa mtaa.

Njiani nilimwonesha Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Akakitazama upesi, akarudisha macho kwenye mifuko yangu.

Mama alipokiri kuwa nilimsaidia kuchambua, mzee aliniachia mkono.

“Basi, Bi, mwanao atazame nyota za hapa hapa mlangoni.”